"Sukari ya Ukoo": Tuache Kuisingizia Damu



Ndugu wasomaji, kuna maneno yamezoeleka mno majumbani mwetu hata hayamshtui mtu tena. Mzee akianguka kwa kiharusi husemwa, "presha ni ya kwao." Mama akikatwa mguu husemwa, "sukari ni ya ukoo wao, hata bibi yake alikufa nayo." Bwana akiota kitambi hadi kanzu ikawa fupi mbele na ndefu nyuma, watu hucheka na kusema amenawiri, mambo yake si mabaya. Na msikitini, ambapo safu moja ya swala humkusanya Mmanyema, Mshihiri, Mngazija, Mhindi na Muomani aliyezaliwa Unguja, utasikia kila mmoja akimtupia mwenzake maradhi: sukari ni ya Wahindi, presha ni ya watu weusi, unene ni wa Waarabu.

Sisi tunasema maneno haya yanaua watu. Yanamuua anayeambiwa maradhi ni yake, kwa sababu hukata tamaa na kungoja. Yanamuua na yule anayeambiwa si yake, kwa sababu hajipimi mpaka siku anapochukuliwa kwa machela.

Hatusemi kwamba asili ya mtu haina neno lolote. Ina neno lake, tena zito, na tutalieleza hapa kwa takwimu. Lakini neno hilo silo lile linalosemwa barazani.

Kwanza tuelewane juu ya kinachozungumzwa. Madaktari wanaliita jambo hili sindromu ya metaboli. Si ugonjwa mmoja. Ni mambo matano yanayopenda kwenda pamoja: kiuno kupanuka, presha kupanda, sukari kupanda, mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi kupanda, na ile kolesteroli nzuri, HDL, kushuka. Mwaka 1988 daktari wa Marekani Gerald Reaven aliunganisha mengi ya haya katika hotuba moja mashuhuri, akaeleza kwamba chini yake kuna tatizo moja: mwili unakuwa mzito wa kuisikia insulini, basi kongosho linalazimika kuitoa kwa wingi zaidi na zaidi mpaka linachoka. Baada ya ubishi wa miaka mingi, mwaka 2009 jumuiya kadhaa za kimataifa za kisukari na moyo zilikubaliana kipimo kimoja. Mtu akiwa na matatu kati ya matano, anayo. Presha kuanzia 130 juu au 85 chini. Sukari kabla ya kula kuanzia 100, yaani 5.6 kwa mashine za kipimo kile kingine. Trigliseridi kuanzia 150. HDL chini ya 40 kwa mwanamume na chini ya 50 kwa mwanamke. La tano ni kiuno, na hapo ndipo penye kesi yetu.

Mwenye mkusanyiko huu, hatari yake ya kupata kisukari huwa kama mara 5 ya mwenzake asiye nao, na ya maradhi ya moyo na mishipa kama mara 2. Na mtaona kwamba katika hayo matano hakuna hata moja linalouma. Mtu anaweza kuwa nayo yote akala biriani, akacheka, akalala vizuri, akaamka kwa swala ya alfajiri. Ndiyo maana baraza lina nafasi ya kusema litakalo.

Sasa tuje kwenye makabila.

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitangaza hesabu ya nchi nzima, iliyotokana na vipimo vilivyochukuliwa kati ya 1988 na 1994. Karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na sindromu hii: asilimia 23.7 kwa jumla. Wenye asili ya Mexico walikuwa juu kabisa, asilimia 31.9. Weupe 23.8. Weusi 21.6.

Mtu wa haraka akiisoma hiyo ya mwisho atafurahi. Atasema, alhamdulillah, sisi weusi tuna nafuu. Basi na ajiulize: ni nani katika Marekani hiyohiyo wanaougua presha kuliko wengine? Weusi. Ni nani wanaopigwa na kiharusi mapema zaidi? Weusi. Na kisukari kwao ni kingi kuliko kwa weupe. Inakuwaje watu wawe na maradhi mengi zaidi, na dalili za kuyatabiri zikawa chache zaidi?

Jawabu limekwisha patikana, na tunataka kila msomaji wetu mwenye asili ya Kiafrika alijue. Trigliseridi za mtu mweusi kwa kawaida huwa chini, na HDL yake mara nyingi huwa nzuri, hata pale insulini yake imekwisha kushindwa kazi. Mzungu mwenye tatizo hilohilo mafuta yake ya damu hupanda na kipimo kikapiga kelele. Mweusi kipimo chake kinanyamaza. Kwa hiyo kati ya milango mitano ya kumkamatia mwizi, miwili kwake imefungwa tangu mwanzo, na daktari anabaki na mitatu. Cheti cha maabara kinarudi kimeandikwa mafuta ya damu ni salama, mtu anakikunja anakiweka mfukoni, anapita hotelini kusherehekea kwa chipsi mayai.

Si afya hiyo. Ni kipimo kilichokatwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Na kiuno ndiyo habari yenyewe hasa. Mwaka 2001 mpango wa Marekani wa kolesteroli ulitoa mpaka wa sentimita 102 kwa wanaume na 88 kwa wanawake. Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likasema, haiwezekani dunia nzima ikavaa suruali moja. Likaweka 94 kwa wanaume wa Ulaya na 80 kwa wanawake wao; likaweka 90 na 80 kwa watu wa asili ya Bara Hindi na Wachina. Na Waafrika kusini mwa Sahara? Na Waarabu? Hao waliambiwa watumie cha Wazungu, mpaka zitakapopatikana takwimu zao wenyewe.

Hatuwalaumu sana waliosema hivyo, maana angalau walikiri. Lakini tazameni yaliyotokea takwimu zilipokuja. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 24,000 kutoka nchi 8 za Afrika kusini mwa Sahara. Hatari kwa mwanamume wa Kiafrika ilianza kuonekana kwenye sentimita 81 hivi. Siyo 102, wala siyo 94. Themanini na moja, karibu sawasawa na mwanamke. Ndugu yetu mwenye kiuno cha 90, anayejiona kijana shupavu na mkanda wake bado una matundu mawili ya akiba, kwa kipimo cha kuazima ni mzima kabisa. Kwa kipimo cha watu wa bara lake alikwisha kupita kizuizi zamani.

Uingereza nako walipima kwa njia nyingine. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya watu karibu milioni 1.5 waliosajiliwa kwa madaktari wa England. Baadhi ya watu wa asili ya Kihindi huko ni wa kwetu kabisa, wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 wakaishia Leicester na kwingineko. Swali lilikuwa: Mzungu akifikia uzito wa kuitwa mnene, yaani kilo zake ukizigawa kwa urefu wake mara mbili upate 30, anakuwa na hatari fulani ya kisukari. Je, wengine wanaifikia hatari hiyohiyo wakiwa na uzito gani? Mtu wa Bara Hindi aliifikia kwenye 23.9. Mwarabu 26.6. Mweusi 28.1. Kwa mtu wa urefu wa sentimita 170, hiyo 30 ya Mzungu ni kilo 87 hivi, na 23.9 ya Mhindi ni kilo 69. Kilo 18 kati yao! Mhindi wa kilo 69 ukimwita mnene atakucheka, na mkewe atakuambia umpishie ashibe.

Basi neno la damu ndilo hilo. Linasema baadhi yetu tunaingia hatarini mapema kuliko wengine, tukiwa wembamba kuliko wengine, na cheti kikionyesha weupe kuliko cha wengine. Kwa hiyo tujipime mapema na kwa kipimo chetu. Hapo damu imemaliza kazi yake. Kuanzia hapo anaingia mpishi.

Wanaoshikilia kwamba yote ni nasaba tunawaletea Wapima. Hawa ni wenyeji wa asili wa Amerika. Wengine wako Arizona, upande wa Marekani, na ndugu zao wako milimani katika jimbo la Sonora, upande wa Mexico. Asili yao ni moja. Mwaka 2006 ilitangazwa tofauti yao: Wapima wa Arizona wenye kisukari walikuwa asilimia 38, mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani. Wale wa Mexico, asilimia 6.9. Damu ile ile, mpaka wa nchi katikati. Wa Mexico walikuwa bado wanalima kwa mikono, wanatembea, wanakula mahindi na maharage yao.

Mkisema hao ni watu wa mbali, chukueni wa karibu. Mwaka 1997 watafiti walipima presha za watu wenye asili ya Afrika Magharibi katika sehemu tatu za dunia. Huko huko Afrika Magharibi, asilimia 16 walikuwa na presha. Visiwa vya Karibiani, 26. Marekani, 33. Kisukari kilipopimwa kwa mtindo huohuo, Nigeria kilikuwa asilimia 2, Marekani na Uingereza 11. Mababu wa hawa ni ndugu. Waliochukuliwa utumwani hawakuchukua na presha kwenye majahazi, waliikuta ng'ambo, na vizazi vyao vikailea.

Na sasa hakuna haja ya kuvuka bahari. Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya vijiji vya Tanzania: waliokuwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika mia, asilimia 0.87. Wakati huohuo, tafiti za Dar es Salaam katika jamii za asili ya Kihindi zilikuta kisukari kingi zaidi kwa mbali, na hapo ndipo lile neno la "maradhi ya Wahindi" lilipopata nguvu. Mwaka 2012 serikali ya Tanzania ikapima nchi nzima, watu wa miaka 25 hadi 64: asilimia 9.1. Mbinu na umri havikuwa sawasawa, kwa hiyo msizipime namba hizo kwa mizani ya dhahabu. Lakini kati ya moja na tisa kuna mwendo mrefu, na katika miaka 23 Waafrika wa Tanzania hawakubadilishiwa damu. Walibadilishiwa mafuta ya kupikia, usafiri na kazi. Nairobi mwaka huohuo wa 2012 ulitoka utafiti wa watu wa mjini: wenye sindromu ya metaboli walikuwa asilimia 34.6. Ile Marekani tuliyoianza nayo ilikuwa 23.7, tena kwa vipimo vya zamani. Nairobi imeipita.

Oman, ambako wengi wetu tuna shangazi na binamu, walipima Nizwa mwaka 2001 wakapata asilimia 21. Saudia, katika utafiti uliochapishwa 2005, asilimia 39.3. Umri wa waliopimwa ulitofautiana, msizichukue kama mashindano ya mpira. Ila wote hao ni Waarabu, na anayesema "ni maumbile ya Waarabu" atueleze ni Waarabu gani.

Kuna jambo moja katika hesabu hizi ambalo wanaume hatulipendi, na kwa hiyo tutalikalia kidogo. Nairobi, wanawake walikuwa asilimia 40.2, wanaume 29.0. Nizwa, wanawake 23.0, wanaume 19.5. Katika weusi wa Marekani, wanawake walizidi wanaume kwa zaidi ya nusu, asilimia 57. Kaka na dada wamezaliwa na mama mmoja na baba mmoja. Ukoo ni mmoja, kabila ni moja, na chungu kilichowalea ni kimoja. Ikiwa maradhi ni ya damu, kwa nini yanamchagua dada?

Sehemu ya jawabu ni maumbile na ujauzito, na sehemu ni vipimo vyenyewe, maana mpaka wa kiuno cha mwanamke umewekwa chini. Lakini sehemu nyingine tumeijenga kwa mikono yetu. Kaka anacheza mpira kila alasiri mpaka anaoa, na akisha kuoa bado anatembea kwenda msikitini mara tano. Dada akibaleghe anaambiwa kukimbia si heshima. Hatuna uwanja tuliomtengea, hatuna saa tuliyompangia, wala ukumbi wa madrasa wenye pazia ambapo mama anaweza kunyoosha viungo na wenzake bila kutazamwa. Fedha za zulia jipya la msikiti zinapatikana kwa wiki moja. Tunauliza: ni kamati gani ya msikiti imewahi kukaa ikajadili mahali pa wanawake pa kutembea?

Kisha huja arobaini. Mzazi anawekwa ndani siku 40, na mapenzi yote ya ukoo humiminwa ndani ya bakuli lake: uji wa mtama wenye samli na pilipili manga, supu ya kuku, tende, mkate wa samli, na "kula mwanangu, unamlisha mtoto." Desturi ile ilikuwa na hekima yake wakati mwanamke alirudi shambani siku ya 41 na jembe begani. Leo anarudi kwenye kochi. Watoto watano, arobaini tano, na kila moja inaacha kilo zake ambazo hakuna anayezidai. Na mimba yenyewe ikiwa ilikuja na sukari, ambayo hupotea baada ya kujifungua, watu hushukuru na kusahau, ingawa mwanamke yule yuko katika hatari kubwa zaidi ya kisukari baadaye na alipaswa kupimwa tena na tena.

Kula ovyo wakati wa mimba kuna ubaya wake, na kutokula kuna ubaya wake pia. Watafiti wa Pune, India, walipowalinganisha watoto wachanga wao na wa Southampton, Uingereza, walikuta wa Pune wana kilo 2.7 kwa wastani na wa Uingereza 3.5. Wadogo sana, wamekonda mikono na miguu. Lakini mafuta ya chini ya ngozi ya mwili hayakuwa yamepungua kwa kiasi hicho. Mtoto mwembamba kwa macho, mnene kwa ndani. Kwa hiyo hata ile tunayoiita asili ya Kihindi, kiasi chake kinatengenezwa tumboni mwa mama asiyelishwa vizuri. Chakula cha mjamzito kina haja ya samaki, maharage, mboga za majani na maziwa. Soda na mandazi havimjengi mtoto wake msuli.

Tukiingia jikoni tutachukiwa, lakini tuingie. Ramadhani ni mwezi wa kupunguza, na sisi tumeufanya mwezi wa kuongeza. Bajeti ya chakula ya nyumba nyingi hupanda maradufu. Mezani wakati wa magharibi pana sambusa, bajia, kaimati zilizozama katika shira, tambi za sukari, vitumbua, mihogo ya nazi, na jagi la juisi ya unga yenye rangi ambayo hakuna tunda duniani lililonayo. Hiyo ni futari. Bado chakula cha usiku, bado daku. Mtu anatoka mwezi mtukufu amezidi kilo 3 na anasema alikuwa amefunga. Mwanafunzi anayetusoma akiwa bwenini ajue kwamba soda ya kawaida ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi, karibu vijiko 8 vya chai, na kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilipendekeza mtu mzima akiweza asizidishe gramu 25 kwa siku nzima. Chupa moja imemaliza siku. Na mwenye kisukari anayetumia dawa asifunge kwa kusikia maneno yetu wala ya jirani, akamwone daktari wake kabla ya mwezi kuandama, dawa zipangwe upya au aelezwe ruhusa yake.

Hatuwashambulii wapishi. Nazi ya nyumbani na samaki wa jana havijawahi kuwa adui. Tunalolishambulia ni lile karai la mafuta lisilotoka mekoni kuanzia asubuhi, mafuta yakakaangwa mara nne mpaka yakawa meusi, na lile neno "bila kitu cha kukaanga mgeni hajakirimiwa."

Pia tuyatazame macho yetu. Tangu miaka ile ya UKIMWI kutuvamia, mtu akipungua uzito mtaani kwetu anazungumzwa. Tunamjua zaidi ya mmoja aliyeambiwa na daktari apunguze, akapunguza, akapendeza, kisha minong'ono ikamrudisha kwenye sahani. "Mbona umekonda hivyo, kulikoni?" Mke akikonda, mumewe anaonekana bahili. Mume akikonda, mkewe anaonekana hajui kupika. Jamii inayomwonea haya mwembamba na kumpongeza mwenye kitambi haina haki ya kwenda kulia makaburini kwamba ni mambo ya ukoo.

Na wapo wenye kutuuzia. Wanapita na chupa zao za mafuta ya habasoda, asali iliyochanganywa na mizizi, majani ya unga katika vibweta, wakisema inaponya sukari kabisa, tupa vidonge. Habasoda tunaila na asali tunaipenda. Lakini anayemwambia mgonjwa wa kisukari aache insulini anabeba dhima ya mtu huyo, na maduka yanayomkodishia meza nje ya msikiti siku ya Ijumaa yanashiriki nayo.

Kuna wanaotujibu kwa kadari. Wanasema ajali imeandikwa, kupima kiuno hakuirudishi nyuma. Hawa tunawakumbusha kisa cha bedui na ngamia wake, ambacho kila mtoto wa madrasa anakijua, na wao wenyewe hukisimulia vizuri sana wanapofunga duka usiku kwa kufuli tatu. Mtu mwenye kufuli tatu mlangoni na hana hata kipimo kimoja cha presha kwa mwaka, tawakuli yake imechagua mali ikauacha mwili.

Sasa tunataka nini?

Futi ya fundi cherehani ipo karibu kila mtaa. Chukueni upande wake wa sentimita. Simama wima, usivute tumbo ndani, maana hakuna anayekupiga picha. Tafuta ubavu wa chini kabisa na juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati yake, futi ikiwa sawa pande zote, baada ya kutoa pumzi kawaida. Si pale unapofungia mkanda. Wanaume wengi wenye vitambi hufunga mkanda chini ya tumbo kisha wakajisifu hawajabadilisha saizi tangu waoe. Mwanamke akikuta 80 au zaidi, awe wa kabila lolote, aende akapimwe presha na sukari. Mwanamume wa asili ya Kihindi akikuta 90, aende. Mwanamume wa Kiafrika asingoje 94 iliyoazimwa Ulaya. Akipita 81, aende. Mwanamume wa Kiarabu bado hajashonewa cha kwake, na kwa vile England ilimkuta katikati ya Mhindi na Mzungu, tunamshauri naye aishike 90. Na mweusi aliyeambiwa mafuta yake ya damu ni salama amwombe daktari asiishie hapo, aitazame sukari yake kabla ya kula na presha yake, kwa sababu kwake ile mingine huwa haisemi.

Wanaotuongoza nao wana kazi. Mashine ya kupimia presha haizidi bei ya kipaza sauti kimoja cha msikiti, na vijana wetu wanaosomea uuguzi na udaktari wapo, wanaswali nasi, hawajawahi kuombwa. Tunaziomba kamati zianze kwa Ijumaa moja ya kila mwezi, baada ya swala, meza mbili: ya wanaume uani na ya akina mama upande wao, na daftari la kuandika majina na namba ili mtu aone mwezi ujao amepanda au ameshuka. Kamati itakayosema haina fedha, tunaiomba ituonyeshe hesabu za futari ya mwaka jana.